Kitovu Sebuleni kwa Mwalimu Righa

Itangazwe kwa watu wote, wa bara na wa pwani, wanaokanyaga ardhi na wanaoelea kwenye vituo vya angani, kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na nane Machi, mwaka wa 2062, Saru Mwakoma, Mwandishi wa Mahali wa Daraja la Pili, alitia mkono wake katika historia ya taifa, na historia haikubaki kama alivyoikuta.

Wakati huo alikuwa ameketi juu ya ndoo ya deki iliyopinduliwa, ndani ya stoo ya mafagio, akitumikia adhabu.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Aliifundisha kengele ya bweni kukoroma, na mkoromo ukatokea kufanana mno na wa Mwalimu Righa, naibu wa mkuu wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Mlughi. Mwalimu Righa alisimama uwanjani na kanga ya kulalia, akauliza, "Ni nani huyo?" na wasichana mia nne wakakosa pumzi ya kumjibu. Saru alipewa saa thelathini za kazi ya Shina. Mkiwa, rafiki yake wa kitanda cha juu, alipewa saa kumi kwa kosa la kucheka.

Shina lilikuwa ghala la mtandaoni ambamo kila familia nchini ilitafuta ilikotoka. Mtu aliandika: nilizaliwa mahali fulani, mwaka fulani. Kisha waandishi wa mahali, wengi wao wanafunzi wenye makosa, walipekua picha za karatasi kuukuu mpaka wapaone. Juu ya mlango wa stoo palibandikwa kanuni yao: ANDIKA JINA LILIVYOKUWA SIKU ILE. ONYESHA LILIKUWA WAPI SIKU ILE. JINA LA LEO LIJE MWISHO. Saru aliijua kanuni hiyo vizuri, kiasi cha kujua hasa ni wapi pa kuivunjia.

"Sikiliza huyu," alimwambia Mkiwa, akisoma kwenye kioo cha kompyuta. "Malemba Mwandoe, miaka tisini. Alizaliwa 1972, Kwa Mghendi. Anaomba aonyeshwe mahali."

"Kwa Mghendi si hapa nje ya geti? Pale wanapouza viazi karai?"

"Pale ni Kwa Mghendi ya leo, wewe. Mghendi alikuwa nyapara wa reli. Tazama."

Akamfungulia kitabu. Kilikuwa kitabu cha mahudhurio cha nyapara mwenyewe, kimeandikwa kwa penseli, kila ukurasa una alama ya kikombe cha chai. Zamani hizo, kando ya reli ya tawi, kulikuwa na kambi za vibarua wa kukaza reli, kila kambi ikikaa kwenye jiwe lake la maili. Serikali iliziita kwa namba. Waliokaa humo waliziita kwa majina ya wanyapara wao. Na nyapara alipohamishwa, alikwenda na jina lake kama anavyokwenda na kitanda chake. Kambi aliyoiacha ikachukua jina la nyapara mpya, na kule alikofika pakaanza kuitwa kwake. Mghendi alikaa Maili Kumi na Nne mpaka mwaka wa 1979. Kisha akaletwa Maili Ishirini na Mbili, akastaafia hapo, akafia hapo, na jina likabaki hapo, likingoja wauza viazi.

"Basi huyu bibi ni wa Maili Kumi na Nne," alisema Mkiwa. "Andika, twende tukale."

Saru hakuandika. Alikuwa anatazama dirishani, ng'ambo ya uwanja, kwenye nyumba ya Mwalimu Righa yenye mapazia ya kijani.

"Mkiwa. Sheria ya Kitovu inasemaje?"

"Kwamba mahali kitovu chako kilipozikwa una haki ya kupanda mti mmoja, na mwenye ardhi hawezi kukuzuia. Kila mtu anajua."

"Hata pakiwa ndani ya nyumba?"

"Hata pakiwa ndani ya... Saru, wewe!"

"Nimepima. Jiwe la Maili Ishirini na Mbili lilikuwa chini ya sebule yake. Kati ya kochi na kabati la vyombo."

"Lakini kitabu kimesema kumi na nne!"

"Kitabu kipi?" aliuliza Saru kwa upole, akakifunga. Mahali palipoandikwa *Hati iliyotumika*, akajaza: *Hakuna*.

Pasipo hati, Shina lilidai sauti ya shahidi. Hilo nalo halikuwa kikwazo. Saru aliinuka, akaipindua ndoo, akaingiza kichwa, akazaliwa upya kama Mzee Kubo, mstaafu wa reli, mwenye kifua kibovu. "Mimi nilikuwapo," alinguruma. "Kambi ilikuwa hapa hapa. Milango minane. Mlima ulikuwa nyuma yetu. Behewa la maji lilikuja kila Alhamisi." Alisema Alhamisi kwa sababu ndiyo siku bweni lao lilipopata maji ya moto, na kwa sababu uongo mzuri huhitaji siku maalumu. Mkiwa alikuwa amelala chini kati ya mafagio, machozi yanamtoka.

Mashine ya Shina ilitafakari kwa muda wa kupepesa jicho. *Jina linalingana na la leo*, ikaandika. *Imekubaliwa.*

Saru alijifuta uso, akaona historia ya taifa ni kitu chepesi sana.

*

Wiki tatu baadaye, siku ya kupanda, Saru aliitwa sebuleni kwa Mwalimu Righa saa nne asubuhi, kwa maana sheria ilitaka mwandishi awepo. Alikuwa ameingojea siku hiyo kama watoto wanavyongoja sikukuu. Njiani alijaribu nyuso tatu za mshangao, akachagua ya pili.

Akafungua mlango, na ule uso ukamponyoka.

Kochi lilikuwa limetolewa. Kabati la vyombo lilikuwa limetolewa. Katikati ya sakafu vigae sita vilikuwa vimeng'olewa, simenti imevunjwa, na udongo mwekundu unapumua. Mwalimu Righa alikuwa amepiga magoti kando ya shimo, mikono imejaa vumbi, kidole gumba kimefungwa kitambaa.

"Mwalimu... wewe mwenyewe ndiye uliyechimba?"

"Tangu juzi," alijibu. "Miaka kumi na moja nimetandika zulia juu ya kitovu cha mtu na sikujua. Ningemwachia fundi? Nawa mikono, umsaidie Nyanya kuingia."

Nyanya Malemba alikuwa tayari mlangoni. Alikuwa mdogo kuliko jina lake, amevaa buti za mpira na kofia ya sufu, na kifuani amekumbatia mche wa mkwaju ulioota ndani ya pakiti ya maziwa. Gari lililomleta, lisilo na dereva, lilikuwa bado linamwuliza kutoka nje angelitunuku nyota ngapi kwa safari.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba. Mwandishi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Wewe?" Nyanya alimpima juu mpaka chini. "Nilidhani nitakuta mtu mwenye miwani na mvi. Haya, njoo nikushike bega. Umenitafutia kwetu, mjukuu wangu. Wawili kabla yako waliniandikia kwamba hapapatikani."

Lile bega lilishikwa, na Saru akasikia uzito wa vidole vile kwa namna asiyoipenda.

Juu ya meza ndogo kulikuwa na Rudio, chombo cha ukubwa wa redio ya jikoni. Heri tueleze kidogo, maana wakaguzi wa elimu hupenda kuelezwa. Rudio huchukua rekodi ya Shina, yaani jina, mwaka, mahali na ushahidi, kisha kuijenga upya chumbani kwa mwanga, sauti na harufu. Aliyezaliwa pale huketi katikati, hutembea kwa macho, huongeza anayoyakumbuka. Anayoyaongeza yakilingana na rekodi, hushonwa humo. Yasipolingana, hukaa pembeni yakisubiri. Halafu mti hupandwa, Shina hupiga muhuri, na kwa miaka mia moja hakuna wa kubadilisha hata nukta. Muhuri uliwekwa kwa sababu watu walikuwa wakigombana sana kuhusu vitovu. Na kambi yoyote isiyodaiwa kwa muhuri kabla ya mwisho wa mwezi huo, ardhi yake ingefunikwa kwa paneli za jua kutoka jiwe hadi jiwe.

Mwalimu Righa alifunga mapazia na kubonyeza kitufe.

Kwanza ilikuja harufu: lami iliyopakwa kwenye mataruma ya reli, ikichomwa na jua. Kisha mabati yakalia *tik, tik*, yakitanuka kwa joto. Ukuta wa sebule ukayeyuka, na mahali pake pakasimama safu ya milango minane iliyopakwa rangi ya kahawia ya serikali.

"Yaani!" alisema Nyanya Malemba. "Landhi yetu, nyumba zetu za reli!"

Akaketi kwenye kiti, buti zake zikabaki zinaning'inia, na miaka themanini na zaidi ikamtoka mwilini.

"Mlango wa kwanza, nyapara. Wa pili, mama mwenye cherehani. Sisi wa tano. Asubuhi Mghendi aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa, *ngaa! ngaa!* na kina baba wakatoka na nyundo mabegani. Sisi watoto tulilaza sikio juu ya reli. Ungesikia treni kabla ya mtu mzima yeyote kuiona. Mwalimu, umewahi kusikia reli ikiongea?"

"Sijawahi, Nyanya."

"Inaongea kama mtu anayekula muwa kwa mbali."

Mwalimu Righa alicheka. Saru hakuwahi kumwona akicheka. Alikuwa na pengo upande wa kushoto, na lilimfanya aonekane kama msichana wa Kidato cha Kwanza.

"Dereva mmoja alikuwa akiturushia mkate," Nyanya aliendelea. "Mkate mzima, umefungwa kwenye gazeti. Baba alisoma gazeti, sisi tukala mkate, mama akalifunika kabati kwa lile gazeti baada ya baba. Hakikupotea kitu."

Saru alisimama karibu na shimo, akawa anajisomea kesi yake mwenyewe, moyoni, kwa pande zote mbili. Upande wa kwanza ulisema: bibi anafurahi. Landhi ni landhi, zote zilijengwa na serikali moja kwa bati moja. Mti utaota hapa kama utakavyoota kule. Nani ameumia? Upande wa kwanza uliongeza kwa sauti ya chini kwamba hili lingekuwa kosa lake la tatu mwaka huu, na kosa la tatu halina adhabu ila begi na tiketi ya kurudi nyumbani. Upande wa pili haukuwa na hoja. Ulitazama tu kidole cha Mwalimu Righa kilichofungwa kitambaa.

"Ngoja," alisema Nyanya. "Mlima uko wapi?"

"Nyuma yenu," ilijibu Rudio kwa sauti yake laini. "Kwa mujibu wa rekodi."

"Hapana, mwanangu. Ulikuwa mbele. Ukifungua mlango, mlima huo hapo, una nundu mbili."

"Rekodi haina mlima mbele."

Nyanya aligeuza shingo huku na huku, akitafuta. "Haya," alisema mwishoni. "Nilikuwa mdogo. Labda nilikuwa nimegeuka."

Ikafika sauti ya maji. Madebe yakagongana, wanawake wakaitana, magurudumu yakafunga breki. Nyanya akapiga makofi. "Behewa la maji! Jumanne! Kila Jumanne mama alinisimamisha kwenye foleni tangu alfajiri, nimshikie nafasi."

"Alhamisi," ilisema Rudio. "Shahidi Kubo anasema Alhamisi."

"Kubo? Simkumbuki Kubo. Hebu nimsikie."

Sauti ikajaa chumbani, nzito, yenye mwangwi. *Mimi nilikuwapo. Kambi ilikuwa hapa hapa.* Saru alitazama dari. Nyanya alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama.

"Maskini, anaongea kama mtu aliyetumbukia kisimani," alisema. "Lakini alikuwa mtu mzima, nami nilikuwa mtoto. Atakuwa anakumbuka yeye." Akajaribu neno hilo mdomoni. "Alhamisi. Sawa. Kumbe ilikuwa Alhamisi."

Saru alikuwa amedhani uongo wake umekaa juu ya historia kama zulia juu ya sakafu. Sasa aliuona ukila. Ulikuwa umekula mlima mzima wenye nundu mbili. Ulikuwa umekula Jumanne. Na bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiulisha, kijiko kwa kijiko, kwa adabu, kwa sababu aliheshimu maandishi.

"Mwalimu," alisema Nyanya, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Mti huu si wangu, nikueleze kweli. Ni wa mdogo wangu, Mwadime. Alikuwa na miaka mitatu. Alipenda ukwaju mpaka midomo ikamchubuka. Akashikwa na surua, mwaka wa sabini na saba. Tulimzika upande wa mlima, ili..." Akasita. "Upande wa mlima, nje ya mlango wetu, hatua chache. Niliweza kuona kijikaburi nikiwa kitandani."

"Rekodi haina kaburi," ilisema Rudio. "Mbele ya milango kuna reli."

"Ndiyo, naona. Ni reli." Nyanya aliifuata reli kwa macho, kutoka ukuta mpaka ukuta. "Basi hakuzikwa hapo. Basi alizikwa wapi?" Alijifuta pua kwa kofia yake. "Unajua, mama alikuwa na hadithi nyingi. Na mimi sasa nimezeeka. Labda Mwadime ni mtoto wa hadithi ya mama. Labda sikuwa naye."

"Kuna maelezo matatu yasiyolingana," ilisema Rudio. "Mlima mbele. Jumanne. Mtoto Mwadime. Je, niyafute kabla ya muhuri?"

Mwalimu Righa alimshika Nyanya mkono. "Si lazima uamue sasa."

"Tusichelewe, mwalimu. Kilichoandikwa kimeandikwa." Nyanya Malemba aliinua mche wake, akautazama kana kwamba hakumbuki alikuja nao kwa nani. "Futa, mwanangu."

"Ilikuwa Jumanne!"

Sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata Rudio iliacha kufuta. Nyanya na Mwalimu waligeuka. Saru mwenyewe aligeuka, akitafuta ni nani aliyepiga kelele.

"Jumanne," alirudia, polepole sasa. "Kila Jumanne. Usifute."

Mwalimu Righa aliinuka kutoka magotini. Lile pengo la kushoto lilikuwa limefichwa tena. "Saru. Rekodi yako inasema hakuna hati. Umeijuaje Jumanne?"

Hapa msimulizi wa habari hizi angependa sana kuendelea kusema kwamba Saru alijibu hivi na Saru alijibu vile. Limekuwa jambo la starehe, kurasa hizi zote, kumtembeza Saru mbele yenu kama msichana niliyesikia habari zake kwa watu. Lakini Mwalimu Righa amesimama nyuma ya kiti changu ninapowaandikia wakaguzi maelezo haya, amesoma mpaka hapa, na ameweka kile kidole gumba juu ya jina hilo. "Nani huyu?" ameuliza.

Ni mimi. Saru ni mimi, na Mzee Kubo pia ni mimi, ndani ya ndoo.

Niliwaambia yote nikiwa nimesimama ukingoni mwa shimo. Niliwaambia kuhusu kitabu cha penseli, chenye behewa la maji kila Jumanne, na nyapara aliyehama na jina lake, na kochi, na kabati. Niliwaambia Maili Kumi na Nne, kilomita kumi na tatu kutoka pale, mahali ambapo ukisimama mlangoni mlima uko mbele. Mwalimu Righa alibonyeza *Sitisha* na hakuondoa kidole mpaka taa nyekundu ilipowaka. Kisha alitazama vigae vyake sita, akatoka nje, nikamsikia akiliambia lile gari lisiondoke.

Nyanya Malemba hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga.

"Kwa hiyo mlima ulikuwako," alisema.

"Ulikuwako, Nyanya."

"Na sikuwa nimegeuka."

"Hukuwa."

Alitingisha kichwa mara kadhaa, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya safari. Nilidhani yamekwisha. Nikaanza hata kulia kidogo, kilio kile cha kuharakisha msamaha, ninachokifanya vizuri.

"Nyamaza kwanza," alisema. "Hicho kitabu ulikisoma chote?"

"Ndiyo, Nyanya."

"Cha mwaka wa sabini na saba pia?"

Hapa kuna jambo nililolificha hata kwenu mnaosoma. Mkiwa hakuliona, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kugeuza ukurasa. Lilikuwa mstari mmoja, chini kabisa, penseli imekandamizwa kuliko kwingineko: *Mwandoe ruhusa siku 2. Kazika mtoto wake Mwadime, mbele ya landhi, upande wa mlima.*

"Ulimwona?" aliuliza Nyanya Malemba.

"Nilimwona."

"Jina lake liko?"

"Liko."

"Ukalifanya nini?"

Nje, gari lilikuwa likiuliza safari inaelekea wapi, na Mwalimu Righa alikuwa akisikiliza dirishani.

"Nikaliruka, Nyanya," nilisema. "Lingeharibu utani."